Punda Aliyeandikwa kama Ng'ombe

Misiera, Nakivale
8 Septemba 2002

Kwa mwanangu Parfait,

Pokea salamu zetu sote, tukianza na mimi mwenyewe, kisha Bénédicte, kisha mume wake Modeste, kisha kuku ambao hawajui kuandika. Sisi tuko wazima. Tumbo la binti yangu limekuwa kubwa mpaka anaweka sahani juu yake anapokula, na kliniki wamemwambia mwezi wa kwanza. Wiki hii tunapanda maharage. Paa la jikoni linavuja fasi ile ile, usiniulize.

Gervais, yule dereva wetu wa lori, aliniambia alikukuta dukani umevaa shati nyeupe, unapanga chupa za dawa za mifugo kama mtu anayepanga mayai. Nilicheka. Marehemu kaka yangu Gad, baba yako, alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa akigonga mlango wa nyumba yake mwenyewe kabla ya kuingia.

Sasa nikupe habari za punda. Ana jina, anaitwa Madamu, kwa sababu anatembea kama mke wa kiongozi aliyechelewa harusini na hajali. Asubuhi anabeba bido nne, yale madumu ya maji, kutoka bombani, mbili kila upande. Mchana anapeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga. Lile shamba la karibu na ziwa, nililokuwa nimeliacha kwa umbali, nimelilima tena. Mavuno yanarudi kwa mgongo wa Madamu, na mavi yake yanaenda huko kwa mgongo huo huo. Mwanzoni tulimkosea. Tulimfunga mzigo kwa kamba juu ya mgongo mtupu, maana kwetu Kivu mizigo tulibeba sisi wenyewe na mnyama huyu hatukumjua. Akapata kidonda. Sasa nimemshonea magodoro mawili ya magunia yaliyojaa majani makavu, yanakaa huku na huku ya uti wa mgongo, mzigo usiguse mfupa.

Neno lenyewe ni hili. Unakumbuka Jumatatu ya Pasaka ulipotuandikia makubaliano, mimi na mzee Kabanda wa Endiinzi. Nilikuwa nimewaachia ng'ombe wake mabua yangu ya mahindi wakati wa ukame, naye akataka kunishukuru kwa desturi yao ya ng'ombe: unampa mtu jike, yeye analitunza, mtoto wa kwanza anarudi kwa aliyetoa, na mama anabaki wa aliyepewa. Ng'ombe hakuweza kumpa mkimbizi, wenzake wangemshangaa. Akatoa punda, nusu shukrani, nusu mzaha. Punda alikuwa amepandwa wiki mbili kabla ya Pasaka, watu waliona. Nawe uliandika kwamba asipozaa mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza, yaani miezi kumi na siku zake, atarudi Endiinzi, maana mzee hatoi mnyama tasa akae akila bure.

Juzi Kabanda alikuja. Akamshika tumbo, akasema, "Hii ni majani tu." Mimba ni ya mwezi wa sita huu! Wewe unauza dawa za ng'ombe, na umesoma. Je, tumbo la punda la miezi sita linakuwaje? Nikimpoteza Madamu, lile shamba la ziwani linakufa tena, na mimi narudi kuwa punda mwenyewe.

Jibu upesi. Gervais anapita kila wiki mbili na Fuso yake.

Shangazi yako, ambaye ni baba yako aliyefunga kitambaa kichwani,
Sidonie


Mbarara
29 Septemba 2002

Shangazi mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, na ninaomba barua hii ikukute katika afya ile ile uliyonieleza. Ninamshukuru Mungu kwa ajili ya Bénédicte. Tafadhali mwambie asiweke sahani ya chakula cha moto juu ya tumbo. Labda ulitania, lakini nimeona afadhali niseme.

Mimi ni mzima. Kazi ni nzuri, ila inatisha. Chupa za dawa ya kupe na chupa za dawa ya minyoo zina rangi inayofanana, na kila jioni ninasoma vibandiko vyote upya kabla ya kufunga. Hajati Ruqayah, mwenye duka, hunitazama akisubiri na funguo mkononi. Jana alisema, "Parfait, wewe ukitaka kupiga chafya utaniomba ruhusa?" Mteja mmoja alicheka sana. Nilikuwa kweli nataka kupiga chafya.

Ulivyofanya na magodoro ya majani ni sahihi. Hajati anasema uyafungue kila wiki uangalie kama majani hayajawa magumu, na kidonda ukioshe kwa maji ya chumvi.

Kuhusu tumbo, sijui. Hapa wanakuja watu wa ng'ombe na mbuzi, punda hakuna aliyeniuliza. Hajati ana kijitabu cha mifugo kwenye droo. Nitakisoma duka likitulia, nami nitakuandikia nitakachokikuta.

Mtoto wako,
Parfait


Misiera
10 Novemba 2002

Kwa Parfait,

Salamu nyingi. Tuko wazima, mvua ni nyingi, maharage yanapanda juu ya miti kama yanaitwa. Modeste alianguka na baiskeli, hakuumia, baiskeli ndiyo iliumia. Bénédicte anakusalimu na anasema sahani ilikuwa ya ugali baridi, utulie.

Nimengoja kitabu chako. Gervais amepita mara tatu, kila mara namwuliza, "Barua?" naye ananyoosha mikono kama padri.

Madamu ameanza kujaa pembeni, mimi naona, lakini majirani wanasema naona ninachotaka kuona. Mama mmoja hapa jirani ananipigia kelele kila asubuhi bombani: "Mama Bénédicte, ile punda yako inakula bure! Banakudanganya!" Nami namjibu, "Ikikula bure, inakula ya kwangu." Lakini nikifika nyumbani nampapasa tena tumbo.

Kabanda anakuja sasa kila mwezi, na fimbo yake na kofia yake. Hakai. Anamshika tumbo, anahesabu vidole, anaondoka. Kwa wiki kumi na moja zilizobaki nataka niwe na neno la kumjibu. Kitabu kinasemaje?

Sidonie


Mbarara
24 Novemba 2002

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, pamoja na Bénédicte, Modeste na jirani yako wa bombani, ingawa ana maneno makali. Pole kwa baiskeli.

Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na kuhesabu mali ya duka, kisha nikapata mafua, kisha karatasi ikaisha. Hajati amenunua mizani mpya. Mjini wanatengeneza barabara na vumbi linaingia mpaka ndani ya kabati la vioo. Nimekuwekea kamba laini ya kumfungia Madamu, Gervais ataileta pamoja na barua hii. Usimfunge kwa kamba ya plastiki, inakata ngozi. Kwato zake zikirefuka, mtafute mtu mwenye tupa. Asinywe maji ya ziwa yaliyotuama. Chumvi ya kulamba ni nzuri. Kazi nyepesi haimdhuru punda mwenye mimba, usiogope kumtembeza, ila mzigo uwe nusu.

Kuhusu ile tarehe ya mwisho wa Januari, naona si vizuri kuitajataja sana mbele za watu. Tarehe ni jambo la karatasi. Labda mzee Kabanda ataisahau.

Karatasi imefika mwisho.

Mtoto wako,
Parfait


Misiera
15 Desemba 2002

Parfait,

Heri ya Noeli inayokuja. Tuko wazima. Kamba imefika, ni laini mpaka Bénédicte anataka kuisukia nywele.

Nilisoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa sauti mbele ya Modeste. Umenijibu mambo saba ambayo sikukuuliza. Lile moja nililouliza halimo. Na karatasi haikuwa imefika mwisho, chini kulikuwa na nafasi ya vidole vinne.

Kabanda asahau? Yule mtu anajua siku aliyozaliwa kila ng'ombe wake, na mama yake, na bibi yake. Anachosahau ni kuvua kofia kanisani.

Mwanangu, mimi nimekulea tangu ukiwa na miaka tisa. Ukificha kitu unaanza kuandika habari za hali ya hewa. Na wewe umeniandikia vumbi! Kuna nini ndani ya kile kitabu?

Mimi sifichi kitu. Niko vizuri, Madamu yuko vizuri, maji yanafika nyumbani.

Sidonie


Mbarara
12 Januari 2003

Shangazi mpendwa,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, ingawa kwa barua huoni. Ninatumaini Bénédicte amejifungua salama.

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara tatu. Hii ya nne nitampa Gervais nikiwa nimefumba macho.

Kijitabu cha Hajati kina kurasa arobaini za ng'ombe, kumi za mbuzi, nane za nguruwe. Punda amepewa nusu ukurasa, mwisho kabisa. Nilikisoma tarehe mbili Oktoba. Kinasema mimba ya punda huchukua miezi kumi na miwili, na mara nyingine kumi na mitatu, hata kumi na minne. Madamu hakupaswa kuzaa Januari hata kama angekuwa na haraka. Atazaa mwezi wa tatu, au wa nne.

Shangazi, ile miezi kumi niliiandika mimi. Mzee Kabanda alitamka kama mtu wa ng'ombe, nawe ukakubali kwa sababu ulifurahi. Mimi ndiye niliyekaa na kalamu, nimemaliza sekondari, na ninakumbuka nilijiuliza moyoni, je, punda ni sawa na ng'ombe? Nikaona aibu kuuliza mbele ya wazee. Nikaandika kwa mwandiko mzuri. Nikapiga mstari chini ya tarehe kwa rula.

Tangu Oktoba nimeogopa kukuambia kwamba utampoteza punda wako kwa kalamu yangu. Kila wiki niliyongoja iliongeza aibu, na aibu ikaongeza kungoja. Hajati alinikuta natazama ile nusu ukurasa, akasoma juu ya bega langu, akasema, "Sasa hii ni habari njema, mbona unaisoma kama hukumu?"

Tafadhali mwonyeshe mzee barua hii kabla ya mwisho wa mwezi.

Nisamehe.
Parfait


Misiera
6 Februari 2003

Mwanangu Parfait,

Kwanza yaliyo mazuri. Bénédicte alijifungua tarehe kumi na tisa, mtoto wa kike, jina lake Grâce, ana sauti ya mwalimu wa kwaya. Mama na mtoto wako wazima.

Sasa yaliyobaki. Gervais alivunjikiwa ekseli pale Kaberebere, Fuso ikakaa wiki tatu kando ya barabara na barua yako ndani ya mlango wake. Nimeipata juzi, tarehe nne. Kabanda alikuja tarehe mosi asubuhi, na kamba, na wachungaji wake wawili wa ng'ombe. Nilimwambia, "Mzee, ngoja kidogo." Akatazama Bénédicte amembeba mtoto, akasema, "Binti yako amezaa kwa tarehe yake. Punda hapana." Nikacheka, Mungu anisamehe, kwa sababu alikuwa na haki. Madamu alikataa kutoka. Walimsukuma, walimvuta, alisimama kama nyumba. Mwishowe mimi mwenyewe nilimshika masikio nikatembea naye mpaka mwisho wa kijiji, ili wasimpige.

Na sasa nikwambie nilichokuficha mimi. Tangu mwanzo wa Desemba sikumbebesha kitu, hata nusu mzigo uliosema. Niliogopa mimba itatoka. Maji nimeyabeba kichwani miezi miwili, na shamba la ziwani sikulipalilia. Nilikuandikia maji yanafika nyumbani. Yalifika, sikusema kwa shingo ya nani. Kwa hiyo usijione mwongo peke yako katika ukoo huu.

Sikukasirika. Labda dakika moja, nilipofika kwenye rula. Kisha nikavaa viatu nikaenda Endiinzi na barua yako, nikamsomea Kabanda neno kwa neno. Akasikiliza. Akasema: "Barua ya mtoto wa kaka yako ni ya mtoto wa kaka yako. Yule aliandika karatasi mbele ya watu. Akuje aseme kwa mdomo mbele ya watu wale wale." Hataki kitabu, hataki mimi. Anakutaka wewe.

Madamu nilimwona kwa mbali. Amesimama peke yake nyuma ya zizi, ng'ombe wote wamempa mgongo. Mwenye uwezo wa kumrudisha ni wewe tu.

Shangazi yako,
Sidonie


Mbarara
16 Februari 2003

Shangazi mpendwa,

Ninamshukuru Mungu kwa ajili ya Grâce. Nimefurahi mpaka nimemwambia Hajati, naye ametuma kanga, Gervais anayo.

Kuhusu safari ya Endiinzi. Mwezi huu duka lina kazi nyingi. Pia sina viatu vya kwenda zizini. Pia Kinyankore changu ni kibaya, na mzee anaweza kuona kwamba namdharau nikisema Kiswahili. Pia sijui kama ruhusa itapatikana.

Nimesoma tena mistari hiyo. Ruhusa ipo. Hajati alinipa kabla sijaomba, alisema, "Nenda Jumamosi, duka lilikuwapo kabla yako." Viatu alinipa vya mumewe.

Ninaogopa, shangazi. Nikikosea kwenye karatasi, naweza kufuta. Mbele ya watu hakuna kufuta.

Parfait


Misiera
22 Februari 2003

Parfait,

Tuko wazima. Hujambo na viatu vipya.

Kuogopa siwezi kukuondolea. Baba yako aliogopa ziwa, na alituvusha sote. Alitapika njia nzima.

Sidonie


Mbarara
2 Machi 2003

Shangazi mpendwa,

Salamu kwenu nyote, na kwa Grâce hasa. Nimerudi leo mchana. Sikuweza kupita Misiera kwa sababu gari lilikuwa moja na kesho ni kazi, kwa hiyo nakuandikia yote sasa, kabla sijaanza kuyaogopa upya.

Nilifika kwa mzee Kabanda jana saa nne. Wale wazee watatu waliokuwa mashahidi siku ile ya Pasaka walikuwa wamekaa tayari kwenye kivuli cha ukuta wa zizi. Niliamkia kwa Kinyankore nilichojifunza kwa Hajati usiku kucha. Hakuna aliyeelewa. Mzee alinitazama kuanzia viatu.

"Wewe ndiyo karani?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbona umeleta miguu tu? Sauti ilibaki Mbarara?"

Wakacheka. Kwa kweli kicheko kilinisaidia, kwa sababu sikuwa na cha kupoteza tena. Nikatoa nakala yangu ya makubaliano nikasoma kuanzia juu. Karatasi ilikuwa inatetemeka mpaka mzee mmoja akaishika kwa upande wa pili, tukaisoma wawili, ingawa yeye hajui kusoma. Nilipofika kwenye miezi kumi nikasimama. Nikasema, "Mzee, hapa pana kosa, na ni langu. Wewe ulihesabu kwa ng'ombe wako, ndiyo hesabu unayoijua. Mimi niliyesoma nilipaswa kuuliza, nikaona aibu. Punda anabeba mimba mwaka mzima na zaidi. Shangazi yangu hakuvunja neno lolote. Mnyama huyu si tasa. Nimekuandikia punda kama ng'ombe."

Yule mzee aliyeshika karatasi akaitazama kwa karibu. "Sasa hii inasema ng'ombe?"

"Inasema punda, mzee. Lakini inahesabu ng'ombe."

Hapo wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Kabanda hakucheka. Akasema, "Mimi nilizaliwa katika ng'ombe. Baba yangu alizaliwa katika ng'ombe. Hapana mtu aliniambia mnyama anaweka mtoto ndani mwaka mzima. Anangoja nini?"

"Sijui, mzee. Kitabu hakisemi."

"Hata kitabu kinaogopa."

Akaniongoza mpaka kwa Madamu. Akachukua mkono wangu akauweka ubavuni kwa punda, chini, akaushikilia pale kwa nguvu. Sijawahi kumgusa mnyama mkubwa hivyo. Mwanzoni sikusikia kitu. Kisha kitu kikanipiga teke kiganjani kutoka ndani. Nikaruka nyuma nikamkanyaga mzee. Naye alikuwa amelisikia, nilimwona usoni, lakini alikaa kama hajasikia, kwa sababu watu walikuwa wanatazama.

Akasema kwa sauti: "Mwisho wa mwezi wa nne. Akizaa, mtoto yangu, mama anarudi kwa mama wa Misiera, maneno kwisha. Hapana zaa, punda yangu, na wewe unakuja hapa mwezi mzima kuchunga ng'ombe. Na hiyo shati nyeupe."

Nikasema ndiyo. Sijui ni nani aliyesema ndiyo kwa kutumia mdomo wangu.

Ndipo wakaniletea maziwa, ambayo nilikuwa nimeanza kufikiri sitapewa, katika chombo cha mti chenye mfuniko. Niliyanywa yote. Nikiwa naondoka, mchungaji mmoja alinisindikiza mpaka barabarani akaninong'oneza, "Omba azae haraka. Akilia alfajiri ng'ombe wanabana maziwa. Mzee mwenyewe amechoka, lakini atasemaje?"

Shangazi, nimemwambia Hajati kwamba huenda mwezi wa tano nitakuwa mchungaji. Akasema atakuja Endiinzi kutazama, na ataleta wateja.

Mtoto wako,
Parfait


Misiera
19 Mei 2003

Mwanangu Parfait,

Salamu kutoka nyumba nzima. Grâce anakaa mwenyewe sasa, akiegemezwa. Modeste amenunua baiskeli nyingine, tunamwombea. Paa la jikoni nimeliezeka upya, na sasa linavuja fasi mpya.

Najua Gervais alikwambia kwa mdomo, lakini Gervais husema mambo kama anayetangaza vifo, kwa hiyo nakupa mimi mwenyewe.

Madamu alizaa tarehe ishirini na tano Machi, dume, ana masikio marefu kuliko miguu. Wachungaji wanasema Kabanda alikaa mbele yake asubuhi nzima, kisha akaondoka akaenda kuwaambia jirani zake wote kwamba punda ni miezi kumi na miwili, na kwamba mtu yeyote anajua hivyo. Kisha akauliza kama yule karani atakuja kuchunga hata hivyo. Alihuzunika kidogo alipoambiwa hapana.

Mtoto akiwa wa wiki mbili na nusu, mzee mwenyewe akamleta Madamu kwa miguu, na mtoto nyuma, maana bado ananyonya. Walilala njiani kwa ndugu yake. Hakuuliza ni siku gani. Kwa hiyo akaingia Misiera Jumapili ya Matawi, saa ile ile tunatoka kanisani na matawi mikononi tukiimba hosana. Fikiria, Parfait! Mzee na kofia yake, punda, na mwana wa punda. Kwaya nzima ikasimama. Kisha ikaanza upya kwa nguvu mara mbili, wamama wakapiga vigelegele, na Madamu akala tawi la mzee wa kanisa mpaka mkononi. Kabanda akanishika mkono akauliza, "Hawa bananiimbia mimi?" Nikamwambia ndiyo. Ningesema nini?

Alikaa mpaka jioni. Alikula sombe, kisamvu chetu, akasema ni majani, akaomba tena. Mbele ya watu akanipa kamba ya Madamu mkononi, akasema kwa Kinyankore neno linalosemwa mtu anapokabidhiwa ng'ombe. Hakusema punda. Waliokuwapo walimsikia. Mtoto atamchukua akiachishwa, mwezi wa kumi, na mpaka hapo anakuja kumtazama kila mwezi. Sasa anakaa. Anamshika mtoto masikio na kumsema vibaya kwa upendo.

Nilikutaka uje kuandika karatasi mpya, kwamba mama ni wangu. Kabanda akakataa. Alisema karani ameshasema kwa mdomo, inatosha. Nimeona nikwambie hili, kwa sababu wewe hutaniamini mpaka ulisome.

Nilimpumzisha Madamu wiki tano tangu arudi, kama ulivyoagiza kwa Gervais. Leo asubuhi nimemwekea bido mbili tu. Yeye akatangulia, mtoto akamfuata, mimi nyuma. Kutoka bombani mpaka nyumbani sikubeba hata kikombe. Watu wananisalimia, nami najibu, na njia yote mikono yangu ilikuwa inaning'inia hivi pembeni, sijui niiweke wapi.

Shangazi yako,
Sidonie